Darasa la Kipaimara Mtoni

Juzi nilirudi kijijini kwetu Kanyangi kumzika mwalimu wetu wa kipaimara, na tangu nitoke huko, rafiki yangu, harufu ya mchanga uliolowa haijanitoka puani.

Mwaka wangu wa kipaimara mvua ilikataa kabisa. Mto ukabaki mchanga mtupu, nasi tukachimba visima ndani yake na kukaa tukingoja maji yajikusanye kidogo kidogo. Foleni ilianza alfajiri. Mama alikuwa amejifungua na nyanya alisumbuliwa na magoti, kwa hivyo kazi ya punda na mitungi ilikuwa yangu, na darasa la kipaimara lilikuwa Jumamosi asubuhi, saa zile zile za foleni. Wazee wa kanisa walikuwa na sheria yao: ukizoea kukosa, utangoja mwaka mwingine. Nililia sana, maana wenzangu walikuwa wameshapimwa magauni meupe.

Jumamosi moja mchana nikamwona mwalimu akishuka mtoni, suruali ameikunja hadi magotini, Katekisimu mkononi. Nyanya alikuwa amempa bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, aniletee.

"Mwalimu, umekuja kuchota maji?" nikamuuliza.

"Nimekuja darasa," akasema. "Kula haraka. Ukimaliza, wewe chota, mimi nitauliza."

Tangu siku hiyo, kila alipomaliza na wenzangu kanisani alinifuata mtoni. Na alikuwa mkali, jamani. Ukikosea amri moja unarudi mwanzo, kisima kijae kisijae. Akina mama wa foleni wakazoea kuitikia pamoja nami, wakinicheka nikikwama. Nafikiri hata punda wangu angefaulu.

Siku ya mtihani mchungaji alikuja. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Huyu msichana hatujamwona darasani. Angoje mwaka ujao." Mwalimu akasimama polepole.

"Ni kweli nyinyi hamkumwona," akasema. "Lakini mimi nimemwona. Aulizwe kama wengine."

Mchungaji akaniuliza juu ya ubatizo. Nilijibu bila hata kumeza mate. Jumapili yake nilipiga magoti pamoja na wenzangu, gauni la kuazima likinibana kwapani, na furaha niliyokuwa nayo sijaipata tena kanisani.

Siku hizi maji yako kwenye bomba pale sokoni, na masomo ya kipaimara vijana hutumiwa kwa simu. Ni vizuri, sikatai.

Kwenye mazishi, mchungaji aliwaomba wasimame wote ambao mwalimu aliwahi kuwafuata huko walikokuwa ili awafundishe. Nilisimama haraka, maana miaka hii yote nilijua ni mimi peke yangu. Nyuma yangu mabenchi yakaanza kulia: waliofundishwa malishoni na mbuzi, waliofundishwa jikoni, mmoja aliyefundishwa akiwa amelazwa hospitalini. Nilipogeuka, karibu kanisa zima lilikuwa wima, na mwalimu wa kutuambia tuketi hayupo tena.