Waya Katikati ya Stoo

Si stoo, nilimwambia supavaiza. Stoo gani iko na masizi ya jiko ukutani? Akagonga kile kitabu chetu cha kuongozea wageni. "Chelangat, hapa imeandikwa stoo ya mbolea. Wewe umekuja kujifunza kazi, na barua yako ya kumaliza mafunzo nitasaini mimi. Soma vile imeandikwa."

Nilikasirika, kwa sababu asubuhi nilikuwa humo ndani na Mama Auma. Alichuna majani chai kwa hili shamba la zamani, kabla ligeuzwe makumbusho, mpaka akastaafu, na leo alikuja tu kuliona. Nilimwonyesha nyumba kubwa ya meneja, vitanda, piano, akaitikia "mm" tu. Kufika stoo, akaingia bila kuniuliza.

"Siku ya kwanza ya kazi nililala hapa. Kesho yake nyapara akanipa fito."

"Ya kuchapa watu?"

Akacheka mpaka akashika mlango. "Nyathina, mtoto wangu, nyinyi watu wa sekondari! Unalaza fito juu ya majani. Kile kimesimama juu yake, majani mawili na chipukizi, ndicho unachuna. Mimi nikachuna mpaka ya chini. Nyapara akamwaga kikapu yote: 'Auma, umeleta chai ama chakula ya mbuzi?'"

Nilitaka hadithi yake ifike kwa hii nyumba haraka. Yeye akanizungusha kwanza kwa karani wa mizani, halafu kiwandani alikohamishwa, kwa bosi mmoja aliyejua majani yameiva kwa kunusa tu. Nikamkatiza: na hii waya imekata chumba katikati? Kitabu inasema ni ya kuanika magunia.

Akaigusa. "Tulitundika blanketi hapa. Huku mimi na bwanangu, kule familia ingine. Siku nilizaa Otieno, mama wa upande ule aliinua blanketi, akanipokelea mtoto." Akanitazama. "Sasa mnaambia wageni mimi nilikuwa mbolea?"

Nimesoma hiyo sentensi kwa wageni wiki tatu, na sauti nzuri.

Supavaiza naye amesema mama mmoja si ushahidi. Basi nimempigia Mama Auma simu, nikamweleza yote, nikamwomba arudi kesho. Ameuliza, "Na barua yako?" Nikasema sijui. Amesema atakuja.

Kesho saa mbili wanafunzi wa Sigor wanafika, na supavaiza atakuwepo. Nitamngoja Mama Auma getini, nimpitishe mbele ya wote, nifungue ule mlango. Halafu mimi ninyamaze, aongee mwenyewe.