Chupa Yenye Jina la Mjukuu Wangu

Kosa ni langu, nalisema kabla hamjaniuliza. Siku ile tulikuwa wanne. Mie. Zuwena, mtoto wa mama yangu mdogo, tuliyekuja naye Jidda tungali wasichana. Nasra, mjukuu wangu, binti wa mwanangu Khalfan anayeishi Riyadh; nimemlea mie tangu mamake alipofariki. Na Mwende, Mkenya, mhudumu wa mkahawa tuliokwenda. Wa tano alikuwa akisikia kwenye simu ya mwanangu. Huyo nitamfikia!

Miaka yote jioni zetu zilikuwa kwa Bi Mauwa, mtaa wa Ghulail: kahawa, kashata, taarabu, na kusengenya mpaka jirani agonge ukuta. Nyumba zile zikabomolewa, Bi Mauwa akenda zake Makka kwa mwanawe. Tukahamia kwa Halima Msudani, muuza chai wa pwani. Naye akafunga. Nikawa nashinda ndani, sisemezeki.

Nasra akanionea huruma. "Bibi, vaa baibui. Nimepata mahali."

Akatupeleka mtaa wa Hamra, kwenye mlango mdogo wa mbao wenye taa nyekundu za karatasi. Mahali pa Kijapani. Kwao wanapaita izakaya, watu wakitoka kazini huingia wakala vyakula vidogo vidogo, wakanywa, wakazungumza.

"Wakanywa nini?" nikauliza.

Nasra akacheka. "Huko kwao pombe, Bibi. Hapa mafi, hakuna! Hapa chai na sharubati."

Tukavua viatu. Nikapewa kitaulo cha moto cha kufutia mikono, nikala mishikaki ya kuku. Jamani, nilifurahi! Zuwena akaninong'oneza, "Pamepita hata kwa Bi Mauwa." Nikamwambia, "Nyamaza, usimvunjie heshima Mauwa!"

Nasra akenda kunawa. Ndipo nilipoinua macho.

Rafuni pamepangwa chupa, kila moja ina kibao shingoni. Shule sikwenda mie, lakini chuo cha Kurani nilisoma juzuu, na herufi za Kiarabu nazijua. Nikasoma: Nasra.

Chupa! Ina jina la mjukuu wangu! Damu ikanipanda. Nikatoa simu, nikampigia Khalfan, nikapiga ukelele watu wote wakageuka.

"Khalfan! Mwanao ana chupa yake ya ulevi! Imeandikwa jina, imewekwa rafuni kama ya mlevi mkongwe!"

"Mama, taratibu, nipo na Mzee Seif garini, simu iko kwenye spika..."

Huyo ndiye wa tano. Mzee Seif, baba wa Abdalla aliyemchumbia Nasra. Harusi ilikuwa mwezi ujao. Nikasikia, na bado sikunyamaza! Nikaendelea, "Naye asikie! Ajue anachokichukua!"

Mwende akaja mbio. "Shosho, wacha! Hiyo ni sharubati ya plamu, hata mtoto anakunywa! Hapa kastoma akinunua chupa asiimalize, tunamwekea na jina lake, akirudi anaikuta. Onja basi!"

Nikaonja. Tamu, chachu kidogo. Sharubati tupu!

Mwende akakigeuza kile kibao. Nyuma yake pameandikwa: na Bibi.

Nasra alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ingali majimaji. Alikwenda peke yake wiki iliyotangulia kuninunulia ile chupa, nipate mahali pengine penye jina langu. Akasema, "Nilikwenda kunawa tu, Bibi. Hukuweza kunisubiri?"

Nilimpigia tena Khalfan papo hapo, nikaapa nimekosea. Mzee Seif akajibu, "Pombe au si pombe, kishasemwa na bibi yake mwenyewe." Posa ikavunjika. Mzee Seif, kama unasoma haya, soma vizuri: ulisikia kikongwe akipayuka, ukamhukumu binti wa watu! Na wewe Zuwena, ulikuwapo, sharubati uliionja, halafu ukaenda kusimulia nusu ya kwanza! Na Khalfan mwanangu, ulimwachisha mtoto kazi yake ya duka la dawa ukampeleka Riyadh bila kumsikiliza! Nina hasira nanyi nyote. Lakini aliyeanza ni mie, na mie ndiye ninayejichukia zaidi.

Nasra hapokei simu zangu. Mwende ananiambia chupa ingalipo rafuni, hakuna aliyeigusa.

Mabibi wenzangu, na nyie akina mama, mkiona msichokijua, fungeni midomo! Mtoto akiwa msalani, msubirini atoke. Simu wekeni chini. Muulizeni yeye kwanza, kwa sauti ya chini.

Majina ya watu huwa siyasahau, ila uzee umeingia. Kama Halima hakuwa Msudani, au nimekosea nani aliketi wapi, nisahihisheni. Na kama mlikuwapo mkanisikia nikimuuliza Nasra hata swali moja kabla ya kupiga ile simu, nakuombeni, nisahihisheni na hapo.