Majani Niliyoyasimamisha Getini kwa Mama Esta

Mpaka leo nikipita Umbilo, mtaa wa Durban, kuna akina mama wakiniona wanaziba midomo kwa vitenge na mabega yanawatikisika, nami nawaamkia kama kawaida huku masikio yananiwaka moto, kwa sababu ni kweli, ni mimi niliyemfanyia msiba mtu mzima wa afya, aliyekuwa anachimba mashimo wakati sisi tunamlilia. Tena nilisimama mbele za watu nikamsifu marehemu. Aibu ile sina pa kuificha, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana wenzangu wakiisimulia wanatia chumvi nyingi mno.

Mimi kwetu ni Lindi. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa ugumu wa masomo, ila nilikuwa siwezi kukaa kwenye dawati huku nje lori linapita na sijui linakwenda wapi. Nimepita Mtwara, Nampula, Beira, Maputo, na kila nilipokaa nilijifunza kitu, kushona viatu, kufungua redio, kuchoma mkaa, na nilipokwisha kukijua niliondoka. Durban nikaangukia kwenye miti. Nilipata kibarua kwenye kitalu cha miche kule Bluff, na chumba nikapanga uani kwa Mama Esta, mama wa Kikongo kutoka Uvira, mwenye saluni karibu na soko la Warwick. Mama huyu kila aliye mdogo kwake anamwita "petit", hata uwe na ndevu za mvi.

Mumewe, Papa Jeremi, alikuwa amepata kazi mbali, juu kwenye jangwa la Karoo, kutunza nyumba ya wageni, na akapewa kijumba chenye bustani yake mwenyewe. Alitaka mkewe ahamie huko. Mama Esta alikwenda mara moja, akaona mawe, miiba na mbingu, akarudi Durban na jibu lake. "Siwezi kukaa pahali hakuna ata mchikichi mmoja. Macho yangu itaegemea wapi?"

Basi Papa Jeremi akaanza kupanda. Alipeleka mnazi kutoka Durban, ukafa. Akapeleka mchikichi, nao ukafa. Hapo ndipo udadisi wangu ulipoingia, nikaomba lifti kwenye lori nikamfuata huko katikati ya majira ya baridi (na viatu vya wazi, sikuambiwa). Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa kioo, umande umeganda mweupe juu ya kila kitu, na mchana huohuo jua linakuchoma shingo. Nikaona anapokosea. Alikuwa anapanda katikati ya uwanja, kwenye upepo, na kila jioni anamwagia mti maji kichwani kama alivyozoea kwao, yale maji yanaingia kwenye moyo wa mti, usiku yanaganda, na moyo unaoza.

Nikamwambia kuna ndugu wa minazi waliozaliwa milimani, wanaoijua baridi. Mmoja shina lake limevaa manyoya kama koti kuukuu na majani yake ni kama feni, mwingine majani yake ni ya kibuluu yanapinda kuelekea chini. Theluji ikiwaangukia wanaibeba tu mpaka iyeyuke. Ila wapandwe mwanzo wa joto wapate kushika mizizi kabla ya baridi, karibu na ukuta unaotazama kaskazini kwenye jua la kutwa, mawe yapangwe chini yatunze joto la mchana, na maji upewe udongo, si kichwa.

"Ikishika hii," Papa Jeremi akasema, "mke wangu hana tena neno. Ikikufa, miye narudia Durban kulinda magari ya watu."

Nikailea miti minne uani kwa Mama Esta mpaka baridi ilipoanza kulegea. Bhuti Themba, dereva wa Kizulu anayepeleka chakula cha mifugo kutoka Mobeni, alikubali kuibeba, lakini akasema Jumamosi ile ndiyo safari yake ya mwisho upande ule, kuanzia hapo anahamishiwa njia nyingine. Kwa hiyo ni leo au basi.

Jumamosi asubuhi Mama Esta akaenda saluni, mimi nikaanza kazi. Mti wa namna hii kabla ya kusafiri unakatwa majani ya chini, ya juu yanafungwa pamoja kama mwavuli ili upepo wa lori usiyararue. Nikakata, lundo likawa kubwa. Ningelitupa kwenye pipa, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini kwetu Lindi majani ya mnazi getini ni harusi, ni mgeni mkubwa anakuja, ni furaha tupu, na mimi siku ile nilikuwa na furaha, halafu Bhuti Themba alikuwa haijui nyumba vizuri. Nikayafunga pande zote mbili za geti yakasimama marefu, mengine nikayachomeka kando ya barabara, nikarudi nyuma kidogo nikajipongeza. (Wakongo wanaosoma hapa wameshashika vichwa, najua.) Kisha nikapanda taxi kwenda Warwick kutafuta kamba na magunia.

Nilizunguka sana, maana Warwick huwezi kununua kamba bila kusimama kwenye dawa za mitishamba ukauliza hii inatibu nini. Niliporudi nilisikia nyimbo tangu kwenye robot, yaani taa za kuongoza magari, kule barabara kubwa. Uani kumetandazwa turubai, viti vya plastiki vimejaa, akina mama wameketi chini wamenyoosha miguu, na katikati yao Mama Shukuru, kiongozi wa wanawake wa kanisani, analia kwa sauti nzito.

Nikamshika fundi cherehani jirani yetu. "Kuna nini hapa?"

"Ndugu, hauna habari? Iko kilio. Papa Jeremi ametuacha."

"Amekufa na nini?"

"Banasema ni baridi. Baridi ya kule, vraiment, kweli, haiko ya watu."

Niliamini mara moja, kwa sababu baridi ile nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Nikakaa juu ya kamba zangu nikalia, tena si kilio cha kuungana na watu, nililia kwelikweli, nikikumbuka alivyonipa soksi zake. Hakuna aliyepiga simu kuuliza. Marehemu huwezi kumpigia, na mjane wa Kikongo haambiwi kwa simu, watu wanajaa kwanza nyumbani ndipo anakwenda kuchukuliwa taratibu, na wanawake wawili walikuwa wameshatumwa saluni kumwambia anahitajika tu.

Vijana fulani wakaja wakaniuliza panga liko wapi. Nikawapa. Wakakata majani mengine kwenye miti yangu wakayapeleka pembeni ya mtaa, nami nikaona ni heshima nzuri kwa mtu aliyependa miti (naomba msicheke bado), ingawa mti mmoja ulibaki na chipukizi tu, umesimama kama mshumaa. Halafu Mama Shukuru akasema yule Mtanzania aliyekwenda kumuona huko aseme neno. Nikasimama. Nikasema Papa Jeremi hakushindwa na jangwa, jangwa lilimwonea, na kwamba alichotaka ni mke wake apate kitu cha kijani cha kutazama. Kilio kikapanda mpaka majirani wa Kihindi wakatoka nje.

Bhuti Themba akafika katikati ya hayo. Alizima injini, akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini kuhusu miti. Nikamwambia mpandaji hayupo tena. "Eish," akasema, na akaniambia atasubiri wimbo uishe kwa adabu, kisha ataondoka bila mzigo.

Ndipo Mama Esta akaletwa. Aliyaona majani tangu mbali, mkoba ukamponyoka.

"Ni nani?" akauliza. Watu wakainamisha vichwa. "Nauliza ni nani?"

"Mama, jikaze," Mama Shukuru akasema. "Ni papa."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa barabara na gauni lake la kazi, nywele za wateja bado zimemganda mikononi, akatazama lami. Kisha akainua uso. "Nani aliwapigia simu?"

Mama Shukuru akasema ameambiwa baridi na fundi cherehani. Fundi akasema habari ya kifo aliipata kwa Mama Shukuru mwenyewe, yeye baridi alisema "labda".

"Mais miye niliona majani kwenye geti," Mama Shukuru akasema. "Majani kwenye geti ni kilio, njo inajulikana. Na kwenu mutu mwenye iko mbali ni moja tu."

"Na majani aliweka nani?"

Kamba nilikuwa nazo mkononi, na shati langu lote limejaa manyoya ya mti.

"Petit."

"Naam, Mama."

"Majani hii ni ya nini?"

"Kwetu," nikasema, "ni ya harusi."

Hakuna aliyecheka, maana hofu ilikuwa bado ipo. Mama Esta akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakatika, na watu zaidi ya hamsini wamemzunguka, nami nikijiambia ikiwa amekufa kweli watasema ni mimi niliyemwita mauti. Mara ya tatu upepo ukasikika kwenye spika.

"Mama Esta, lori imeshatoka? Mashimo nimemaliza yote, mikono imekwisha. Allo? Allo?"

"Uko muzima?" akauliza.

"Niko muzima, mais nina njaa. Kuko nini?"

Hapo mtaa ukapasuka. Kuna waliocheka mpaka wakalala chini, na Mama Shukuru alivua ndala akanikimbiza kuzunguka turubai, mama wa watu mwenye magoti mabovu. Chakula cha kilio hakikurudi, wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, vililiwa, na nadhani kililiwa zaidi kuliko ambavyo kingeliwa msibani.

Mama Esta akajifuta uso. "Pakieni miti," akasema, na wanaume waliokuwa wanaomboleza wakaibeba miti yote minne, ule mshumaa ukiwemo. Yeye akaingia ndani, akatoka na begi dogo na blanketi, akapanda mbele kando ya Bhuti Themba.

"Mama, na saluni?" nikauliza.

"Saluni iko na wasichana. Miye nimekuwa mujane leo, petit. Nataka nimuone na macho."

Alisema anakwenda wiki moja. Walipanda miti pamoja, yeye anashika shina, mumewe anajaza udongo, na mshumaa ule tulioukatia tamaa ulikaa majira yote ya joto bila dalili, halafu ukafungua jani moja, kama mtu anayenyoosha mkono kitandani. Baridi imepita juu yao na haikuua hata mmoja. Mama Esta hajarudi. Anasuka wake za wafanyakazi wa mashamba huko juu, na akipiga simu anaanza na miti, kisha ndipo anauliza saluni.

Mimi miti sikuiacha, na kuzunguka sitaacha. Ila nimeapa: nikihamia mtaa mpya, kabla sijachomeka hata ua nje ya mlango, nauliza kwanza watu wa hapo wanalia vipi na wanashangilia vipi. Wenye nyumba wananishangaa, mpangaji gani huyu anaulizia misiba kabla hajaonyeshwa choo, na wawili wameshaninyima chumba. Sawa tu. Nanyimwa chumba, lakini hakuna aliyekufa.