Siku Bibi Alipozaa

Nikisikia harufu ya sabuni nyekundu ya dawa, namwona bibi yangu akisugua mikono mpaka viwikoni, huku mume wa watu anamhimiza mlangoni. Mtaa wetu mzima wa Mlandege, Waislamu kwa Wakristo, walimwita Bi Mkunga, nami nilivimba kichwa kwa jina hilo. Ila mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Mama yangu, Roza, Bibi alimpokea kwa mikono yake alipozaliwa, mzazi akafariki palepale, naye Bibi akamlea. Walimwengu hawakosi la kusema: mama alikua akiitwa mtoto wa watu.

Miaka michache baada ya Mapinduzi, nikiwa na miaka tisa, nilichaguliwa kusoma kanisani siku ya Krismasi ile orodha ndefu ya nani alimzaa nani. Nikaona kitabu kimekosea. Mjukuu wa mkunga mimi, nimjue wapi mwanamume anayezaa! Nikasahihisha kwa sauti: Ibrahimu akamzalisha Isaka. Kanisa likaangua kicheko, maana anayezalishwa ni mama, na Isaka wangu sasa alikuwa amejifungua.

Baada ya ibada Bibi akanikokota hadi kwa Mwalimu Petro, katekista aliyesoma kidogo Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Injili. Nilijua nakwenda kuadhibiwa.

"Mwalimu, hilo neno 'akamzaa' kwa lugha yake ya asili ni la nani? La baba au la mama?"

"La wote, Bi Mkunga. *Gennao*. Tena Mtume mmoja, yumo kifungoni, alilitumia kwa mtu aliyemwongoza kwenye imani. Hakumbeba tumboni, lakini alisema kamzaa."

Bibi akamtaka alitaje tena. Akajifunga kanga yake vizuri. "Basi mie nshazaa," akasema.

Mimi nilifurahi tu kwamba sikuchapwa.

Kesho yake, sokoni Darajani, muuza samaki akaita, "Bi Mkunga!" Bibi akapita. Akaita tena, Bibi akazidi kwenda. Nikaona haya, nikamwambia anaitwa.

"Mwambie mie Mama Roza."

Yule bwana akacheka, akaita, "Haya, Mama Roza!"

"Naam!" Bibi akaitika, sauti ya kufika Mkunazini.

Wakati ule niliona ni maringo ya kizee, na niliyapenda. Leo nina watoto wanne, na tangu wa kwanza alipozaliwa naitwa kwa jina lake bila kulifikiria. Mama yangu alikuwa na miaka thelathini siku ile ya samaki, na ndiyo mara ya kwanza bibi yangu kuitwa kwa jina la mwanawe.