Chupa Nilizozisafisha

Mpaka leo, sauti ya mchanga ukitikiswa ndani ya chupa hunikata maini. Hapa Kimanga, mjini Uvira, wajukuu wangu huosha chupa za mawese namna hiyo: mchanga kidogo, maji kidogo, tikisa. Nikiwasikia nawafokea waende kuoshea mbali na mlango wangu, nao hucheka, wanasema uzee umeniharibu kichwa. Waache wacheke. Wao sijawaambia kitu, ila ninyi nitawaambia.

Nilikuwa na miaka minane hivi, zamani za Wabelgiji. Papa alikuwa mlinzi wa baraji, ukuta mkubwa wa udongo uliofunga kijito kule mlimani, juu ya mashamba ya upande wa Mutarule. Maji yake yalizungusha mashine za umeme, na umeme ulikwenda kwenye kiwanda cha pamba. Sisi wa kambi ya wafanyakazi tulikaa na vibatari vyetu, tusidanganyane.

Chini ya ukuta palikuwa na bomba lililotoa maji yaliyopenya ndani ya udongo. Kila asubuhi Papa alikinga chupa moja, akaipanga kwenye ubao ukutani kwetu, mpya upande wa mlango. Yakitoka bombani maji yalionekana safi tu. Ilibidi yatulie kutwa nzima ndipo matope yaonekane chini ya chupa, na matope yakizidi, maana yake maji yanakula ukuta kutoka ndani. Papa hakujua kuandika. Chupa ndizo zilikuwa maandishi yake. Haya nilikuja kuelezwa baadaye. Wakati ule, kwangu mimi, zilikuwa chupa chafu.

Mwaka ule mvua haikukata. Matope ya kwenye chupa yalianza kama uzi, yakafika unene wa kidole, na Papa akaacha kula vizuri. Mara tatu alimwomba kapita, msimamizi wetu, akawaambie wakubwa wa kampuni wapunguze maji nyuma ya ukuta. Walijibu kwamba injinia atakuja kujionea. Basi Papa akaishi kwa kuhesabu siku. Chini kabisa, kando ya kijito, ndiko alikolima mama mukubwa, dada yake mama, na wanawe wawili niliocheza nao kila Jumapili baada ya misa.

Sasa, Mzungu kuja kambini ilikuwa kitu cha kutetemesha. Nyumba chafu ilikuwa kosa. Mama, ambaye hata siku ya kawaida alifagia mahali vumbi halijafika, siku injinia alipokuja alitaka kufagia hata kuku. Papa alikwenda kumpokea mgeni barabarani. Mama akanipa kitambaa, akasema, "Safisha kila kitu, hata nyuma ya mulango. Muntu asitucheke."

Nikasafisha. Nikamwaga zile chupa zote, nikazisugua kwa mchanga na majivu mpaka zikang'aa, nikazijaza maji ya mtungini yaliyotulia, nikazirudisha kwa mstari wake. Nilijisifu mwenyewe, jamani. Nilisimama kando ya ubao nikingoja kusifiwa.

Injinia aliingia na Papa nyuma yake. Akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga wa mlango, ya pili, ya tano.

"Weye ulisema maji iko na matope," alisema. "Matope iko wapi?"

Papa alisogea, akazitazama chupa moja moja.

"Nani alishika hizi chupa?" injinia aliuliza.

Lazima niwaambie kwamba mwezi uliotangulia kijana mmoja aliyegusa kipimo cha maji alichapwa fimbo mbele ya watu wote, wazazi wake wakafukuzwa kambini siku hiyo hiyo. Hilo nililijua vizuri.

"Ni minye tu, Bwana," Papa alisema. "Ngoja mupaka kesho, tafazali. Nitakinga ingine, itatulia, utaona. Ao fungua maji kidogo tu. Kuko bantu chini."

Alipiga magoti, baba yangu. Injinia alisema kiwanda hakiwezi kusimama kwa sababu ya hadithi za mlinzi, akapanda gari lake akaenda.

Papa aliteremka mbio kwenye mashamba, nyumba kwa nyumba, akiwasihi watu wahame. Wote walimuuliza swali moja: Mzungu amesemaje? Naye hakuwa muongo. Mama mukubwa alimwambia maharage yake yanakaribia kuiva, atahama akishavuna.

Siku ya tatu, saa sita za mchana, tulisikia mlima ukinguruma. Ukuta ulifunguka katikati. Mama mukubwa tulimpata amekufa. Watoto wake hatukuwapata.

Papa alifungwa Uvira, eti alizembea na kudanganya. Alipotoka alikuwa mzee, lakini hakunigombeza hata mara moja, na mimi nilimshukuru Mungu: hajui kuwa ni mimi. Niliolewa nikiwa bado na shukrani hiyo.

Ni baada ya kuzaa watoto wangu, Papa akiwa ameshakufa, ndipo niliielewa siku ile. Mtu akiulizwa nani ameshika vitu nyumbani kwake, huwatazama watu wake. Papa alitazama chupa, akatazama viatu vya Mzungu, akatazama mlango. Mimi nilisimama hatua mbili kutoka kwake, kitambaa cha maji mkononi, na hakunitazama. Alijua, naye aliogopa injinia asije akafuata macho yake. Neno moja, "mutoto alizisafisha," labda lingefungua maji. Alidhani atapata njia nyingine ya kuwaokoa wale wa chini bila kunitoa mimi.

Nampenda baba yangu, nampenda sana. Lakini mama mukubwa hakuulizwa kama anakubali.