Wageni wa Mheshimiwa

Fundi alikuwa na dirisha moja tu la maana maishani mwake, na msimcheke, maana wapo wenye nyumba nzima wasio na hata hilo. Dirisha lilitazama mashariki, juu ya kiwanja cha jirani kilichoota nyasi, na chini yake ndipo ilipokaa cherehani. Alishona magauni ya maharusi. Shanga ndogo na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe havitaki taa. Taa hukuletea kivuli cha mkono wako mwenyewe, ukashona kombo usijue mpaka bibi harusi atoke juani. Mwanga ule ndio uliosomesha watoto na kumlisha mumewe, dereva mstaafu aliyeshinda kibarazani akiwatania wapita njia.

Mwenye hoteli mmoja aliponunua kile kiwanja na kuanza kukipima kwa ajili ya ghorofa, Fundi hakukosa usingizi. Sheria ilikuwepo. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi cha biashara mpaka majirani wanaopakana nacho wasikilizwe, na wakikataa kwa sababu ya maana, halmashauri inazuia. Walishaitumia zamani dhidi ya mtu wa gereji, na gereji ikaenda kugonga nyundo zake kwingine.

Kumbe mwenye hoteli hakuwa na haja ya kubishana na majirani. Wakubwa walikuwa wanaandaa muswada wa kukifuta kifungu chenyewe, eti kinachelewesha maendeleo. Neno hilo maendeleo limebebeshwa uchafu mwingi kuliko gari la taka.

Fundi ndiye aliyewakusanya watu wa mtaa waende kwa mbunge wao. Kinyozi wa pale kona alikubali bila kusita. Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nyumba ya nyuma, alikubali kwa kelele, na wengine wakafuata.

"Mama watoto, unakwenda kumfundisha mbunge kazi?" mumewe alimtania.

"Nakwenda kumkumbusha nani alimpa."

Mzee akaangua kicheko, lakini viatu vya mkewe alivipiga rangi mwenyewe.

Mbunge aliwapokea ofisini kwake kama wakwe. Viti vikaongezwa, soda zikafunguliwa, naye akasikiliza kichwa kikiwa upande, akitikisa pale pa kutikisa. Fundi akapiga moyo konde akatoa ya moyoni.

"Mheshimiwa, mwanga wangu ukizibwa, mimi sina kazi nyingine. Macho haya yameshachoka, hayadanganyiki na balbu. Hatukatai watu kujenga. Tunataka tuulizwe tu, basi."

"Mama yangu, nimekusikia mpaka ndani kabisa," mbunge alisema, mkono kifuani. "Siku ya kupiga kura mje bungeni muwe wageni wangu. Nataka mwone kwa macho yenu."

Wakatoka pale vichwa vimevimba. Hakuna aliyejiuliza wataona nini.

Siku ikafika. Msaidizi wa mbunge, dada mmoja nadhifu mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea, aliwapanga kwenye jukwaa la wageni akawapa masharti. Simu zizimwe. Hakuna kusema wala kunyoosha mkono. Mheshimiwa akiwatambulisha, mnasimama, mnapunga mkono, mnakaa.

"Hata kukohoa?" kinyozi akauliza.

"Kohoa kwa adabu, mjomba."

Zamu ya mbunge wao ilipofika, alisimama akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika, kabla sijachangia, naomba nitambue wageni wangu, wananchi wa jimbo langu, majirani hasa wanaoguswa na jambo hili."

Fundi akainuka wa kwanza. Mtu ukitajwa kwa heshima mbele ya watu, utafanya nini kingine? Wenzake walimtazama yeye, nao wakainuka. Wakapunga. Wabunge wakapiga meza. Naye akawaacha wamesimama vile vile, wakitabasamu, akaendelea: "Wametoka kwao alfajiri kuja kuunga mkono muswada huu, maana wamechoshwa na ucheleweshaji."

Mkono wa Fundi ulikuwa bado juu. Alikwisha kuelewa, na uso ulikuwa bado unatabasamu, kwa sababu tabasamu la adabu halizimiki mara moja. Alifungua mdomo. Askari wa bunge, kwa upole kabisa, akamwashiria akae. Akakaa. Mwanamke aliyekuwa na maneno ya kuujaza ukumbi ule alikaa, akaviweka viganja vyake magotini, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Kura ikapigwa kwa sauti. Ndiyo zikanguruma, siyo mbili tatu zikasikika kwa mbali, na muswada ukapita.

Alimfuma mbunge kwenye ukumbi wa nje. "Mheshimiwa, sisi hatukukuambia hivyo!"

"Mama yangu, siasa ni pana." Alikuwa anatembea. "Mmeshakula lakini?"

Msingi wa hoteli ukachimbwa. Fundi alikwenda halmashauri, akamkuta ofisa ardhi anakunywa chai. "Kifungu hakipo tena, mama," ofisa alisema. "Na si nyinyi wenyewe mliunga mkono? Nilikuona kwenye televisheni. Ulipendeza kweli."

Mtaani nako hakukuwa na nafuu. "Sisi tulikutazama wewe," kinyozi alimwambia bila kuficha. "Ungekaa, tungekaa." Fundi alimchukia kwa wiki nzima, na kilichomuuma zaidi ni kwamba kinyozi hakusema uongo.

Ukuta ulipopita dirisha, chumba kikawa jioni tangu asubuhi. Akahamishia cherehani kibarazani, barabarani, vumbi likawa linatua juu ya vitambaa vyeupe. Maharusi wakaanza kwenda kwa mafundi wengine, kwa adabu, wakisema watarudi. Akabaki na foronya na zipu za suruali. Mumewe alijizoesha kumtungia uzi kwenye sindano kadhaa kila asubuhi na kuzichomeka kwenye mto wake mdogo. Hakutia neno la utani, na hilo ndilo lililomliza Fundi.

Kisha msaidizi yule nadhifu akarudi mtaani. Kulikuwa na muswada mwingine, safari hii wa fidia za barabara, na mheshimiwa aliwaomba wageni wake wapendwa waje tena. Basi lingeletwa. Basi likaja kweli, likasimama mbele ya kibaraza, na likajaa. Kinyozi alikaa kiti cha mbele.

"Wifi, panda, nafasi ipo!" dada wa mumewe aliita dirishani. "Safari hii tutasema!"

Fundi aliacha cherehani akasogea mpaka kwenye basi. "Wakiwataja, msisimame."

"Wifi nawe! Tutajwe mbele ya watu wote halafu tukae tu kama maiti? Watatuonaje?"

Basi likaondoka, wakampungia, naye akajikuta anapunga. Alitamani kuwaita wajinga, lakini alijijua. Angekuwa pale jukwaani, akasikia mtaa wake unatajwa kwa heshima, miguu ingemwinua kabla hajaamua.