Kigoda Chini ya Dirisha

Mie ni mtu wa Tanga, nimeletwa Kyela na ualimu, na kama kuna kitu nilichobeba kutoka kwetu basi ni mdomo na kiherehere. Mdomo watu wa huku wameshauzoea. Kiherehere ndicho kilicholeta balaa, na heri kingeniponza mwenyewe. Kilimponza mwenzangu.

Chama chetu cha wapiga picha hapa Ipinda kilianzishwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio tangu enzi za filamu. Simu zilipoingia kila mfukoni, wateja wakakatika, akabaki na chumba, meza na viti vitupu. Akatuita sisi tuliokuwa tukihangaika na kamera kwa mapenzi tu. Nilikuwemo mie, karani mmoja wa forodha kutoka Kasumulu, katekista, na wengine wachache waliokuja na kuondoka. Utaratibu ulikuwa rahisi. Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakishatoka kanisani na kula, kila mtu analeta picha moja. Inawekwa mezani, na mwenye picha hafungui kinywa mpaka wenzake wamalize kuisema. Kwa mtu kama mie, hiyo ilikuwa adhabu ya kaburi.

Mwaka wa pili akataka kuingia mkamwana wa yule mzee, mke wa mwanawe anayeendesha lori kwenda Malawi. Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa Wanyakyusa wanaoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawaketi chumba kimoja, hawasalimiani, hawatazamani usoni. Mkamwana akimwona mzee anakuja njiani, anaingia kwenye migomba na kujikunyata hadi apite. Si chuki, ni heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini ukoo ule haujaacha.

Basi wakatafuta njia, na wanawake wa ukoo wakaikubali. Kigoda kikawekwa nje, chini ya dirisha linaloelekea migombani. Mkamwana akawa anakaa pale, mgongo ukutani. Ndani, kiti cha mzee kikageuzwa kikatazama mlango, dirisha likawa kisogoni kwake. Na mie, kwa kuwa mdomo wa kuazima sihitaji, nikawekwa dirishani kupokea picha na kupeleka maneno.

"Mwalimu," mzee angesema, "mwulize mwenye picha hii alisimama wapi."

Sauti ilikuwa imeshafika nje bila taabu yoyote. Lakini lazima nigeuke. "Mwenzangu, unaulizwa ulisimama wapi."

"Mwambie baba nilisimama kwenye tuta la mpunga, jua likiwa begani kwangu."

Nami nageuka tena, nasema yaleyale. Mzee alikuwa kasikia kila neno, lakini angesubiri nimalize.

"Mwambie tuta la mbele yake lingefaa zaidi."

"Mwambie baba tuta la mbele lilikuwa na nyoka."

Chumba kizima kiliangua kicheko siku hiyo, na mzee alicheka mpaka akavua miwani afute machozi. Hivyo ndivyo alivyomfundisha, mwaka baada ya mwaka, mpaka mwanamke yule akatupita sote. Picha zake za kakao inayoanikwa na mpunga uliolowa mvua ungezitazama ukahisi harufu. Mzee akampa kamera yake mwenyewe, aliyokuwa akiitumia harusini. Aliifunga kwa kitenge, akanikabidhi, nami nikaipitisha dirishani. "Ndaga fijo, mwambie baba," nje kukasemwa, na mie nikapeleka hiyo asante.

Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Nilijisemea, jamani, huyu ndiye fundi kuliko wote, halafu anakaa nje na kuku! Mvua ikinyesha anajifunika turubai. Na kila picha ya wanachama tuliyopiga, hayumo. Angewezaje kuwemo, ikiwa mzee yumo? Nikaona ni dhuluma, na nikajiona mimi ndiye wa kuiondoa. Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mie nilifumbua yote mawili.

Chama kilipotimiza miaka kumi, tuliamua kufanya maonyesho kwenye ukumbi wa kanisa. Nikapewa kazi ya kutengeneza picha kubwa ya wanachama wote. Wote, nikasema, maana yake wote. Nikamfuata mkamwana, nikamwambia nataka picha yake ya kitambulisho cha chama. Vitambulisho! Chama chetu hakijawahi kuwa na muhuri, seuze vitambulisho. Akaniamini. Akasimama mbele ya ukuta mweupe, mie nikamwigizia mkuu wetu wa shule anavyotembea kwenye tope na viatu mkononi, akacheka kicheko cha kutoka tumboni. Nikabonyeza.

Nikamkata kwenye kompyuta ya shule, nikampandikiza kati ya wenzake. Nafasi ilikuwa moja tu, ubavuni pa mzee. Kwa jinsi alivyoinamisha kichwa, ungedhani mzee kamnong'oneza jambo na yeye anamchekea begani. Nikaipeleka Mbeya ikachapwe ukubwa wa mlango. Sikumuuliza mtu. Nilipoiona imetoka, nilijipongeza peke yangu ndani ya basi njia nzima.

Siku ya maonyesho tukaifunika kwa kitenge, na mzee akapewa heshima ya kukivuta. Mkamwana alikuwa nje dirishani na kigoda chake, kama kawaida. Kitenge kikaanguka. Nilishainua mikono nipige makofi. Mzee aligeuza uso ukutani kama mtu aliyechapwa kofi, akatoka kwa mlango wa pembeni akipapasa ukuta. Mama mmoja wa kwaya akasema kwa sauti, "Mungu wangu, nani kafanya hivi?" Nilipokimbilia dirishani, nikakuta kigoda kimelala ubavu na mtu hayupo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Wanawake wa ukoo walimweka mkamwana kikao, si mimi. Walimuuliza ni mwanamke gani anayemchekea baba mkwe wake mbele ya kanisa zima. Akawaeleza kwamba ni kompyuta, hawakuwahi kusimama pamoja. Kompyuta, wakamwambia, kicheko hicho ilikipata wapi?

Nikaenda Ipyana, nyumbani kwao, nibebe mzigo wangu. Walinipokea vizuri mno. Wakaniandikia wali na samaki wa mbasa, wakanimiminia maji mikononi, na nilipoanza kulia yule mkubwa wao akanishika bega. "Nyamaza, mwalimu. Wewe ni mgeni, hukujua."

Lo! Laiti wangenitukana. Nilijua! Miaka minane nimegeuka huku na huku dirishani pale, nilijua kuliko mgeni yeyote aliyewahi kukanyaga Kyela. Nilijua nikaona mila yao ni kosa la kusahihisha, kama daftari la mwanafunzi. Nilipaswa niwaambie hivyo palepale. Badala yake nikanawa mikono, nikala wali, nikakubali kuwa mgeni. Mpaka leo wali ule sijaumeza.

Mkamwana alinisindikiza barabarani. Alikuwa na kitu amekipakata, na nilikitambua kwa kitenge chake. Ilikuwa kamera.

"Mrudishie baba," akasema.

Nikamwambia asifanye hivyo, kosa ni langu, watu watasahau. Akatikisa kichwa, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Ulikuwa unanihurumia, mwalimu. Ulidhani lile dirisha limenifungia nje. Mimi niliolewa wakati baba yangu mzazi keshakufa. Pale dirishani ndipo nilipopata baba wa kuongea naye. Sasa nitakaaje pale, kila nikicheka watu wakumbuke ile picha?"

Nikaichukua kamera.

Chama kipo. Mzee bado anafungua chumba kila Jumapili ya mwisho, kiti chake bado kinatazama mlango, na kigoda kipo palepale nje, kinalowa. Mie bado nakaa dirishani kwa mazoea. Mwezi uliopita mvua ilitukamata, wenzetu wakiwa wameshaondoka, tukabaki wawili.

"Mwalimu," akasema bila kugeuka. "Ile picha uliichoma?"

"Niliichoma, baba."

"Mimi niliona kilemba chake tu, nikageuka. Tangu aolewe sijawahi kuuona uso wake." Mvua ilikuwa inapiga bati. "Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatulia, sikio ameliegemeza upande wa dirisha, akisubiri kama zamani nigeuke na kumletea maneno ya nje, na mie sikuwa na neno hata moja la kumletea.